Tarehe kwa Herufi Kubwa

…na tena hiyo alama ya asilimia, kila herufi lazima itanguliwe na alama ya asilimia la sivyo mashine haielewi kitu, A ni jina la siku, d ni tarehe, B ni jina la mwezi, na mbele ya kila moja asilimia, Najwa ameyahifadhi haya kama Alhamdu lakini hebu mtazame, bado yuko palepale, kwenye kistuli nyuma ya kaunta, jua limeshaanza kuinamia upande wa milima ya Mau, koo limekauka, kichwa kinamgonga kidogo kwa njaa ya Ramadhani inayokwisha, anaandika upya kitu alichokwisha kukiandika sijui mara ngapi, kwa sababu programu ya kituo cha hali ya hewa ilijisasisha yenyewe bila kumuuliza mtu, ikafagia mapambo yake yote, ikarudisha tarehe ya tarakimu na mikwaju, vile vistari vilivyolala upande, kadogo, kamejikunyata kwenye kona chini ya upepo na unyevu, na baba alipofungua duka asubuhi alisimama mbele ya skrini akauliza nani amechezea tarehe yangu. Tarehe yangu, ati, kana kwamba aliizaa yeye. Na tarehe ni ya kazi gani hapa, mtu angeuliza, duka ni la pembejeo, liko mtaa wa Bondeni, wateja wanatoka Rongai na Njoro na Subukia kutafuta mbegu na mbolea na dawa ya kupe, na wakiingia huinua macho kwenye ile skrini ukutani waone mvua ya jana ilikuwa milimita ngapi, maana juu ya paa ndiko kilipo kituo chenyewe, kikombe cha kukinga mvua, vile vibakuli vya upepo vinavyozunguka mchana kutwa, kijisanduku cheupe cha kupimia joto, vyote vinazungumza na kompyuta, kompyuta nayo inazungumza na skrini, lakini tarehe kila mtu anayo kwenye simu yake mfukoni, hakuna mkulima hata mmoja aliyewahi kuulizia tarehe, ni baba tu, Mzee Hanif, na baba akishikilia jambo, basi tena.

Kwanza alitaka Kizungu kiondoke, siku iandikwe kwa Kiswahili, haya, Najwa akatafuta mahali pa kubadilisha majina ya siku akayaandika yote, Jumamosi mpaka Ijumaa. Halafu akasema tarakimu zinachanganya watu, mwezi uandikwe kwa jina, haya. Halafu mwaka uondolewe, mwaka tunaujua, nafasi ipatikane. Halafu herufi zikuzwe… zikuzwe tena… hapana, bado, zikuzwe. Halafu ile picha ya mawingu nyuma, aliyoichagua Najwa mwenyewe na kuipenda, iondolewe, nyuma kuwe kweusi tititi na herufi ziwe nyeupe, mpaka sasa tarehe imekalia skrini nzima na mvua imesukumwa chini kabisa kama mgeni aliyechelewa karamu, na juzi kijana mmoja wa bodaboda akaingia, niaje, akatazama ukutani akauliza hili ni duka ama ni kalenda, na Najwa akacheka kwa uchungu kwa sababu ni yeye aliyekesha akiipanga ile skrini ipendeze. Alimwambia, baba, hiki ni kituo cha hali ya hewa, na baba akajibu kwa upole wake ule usiobishana na mtu, kwamba asiyejua leo ni siku gani hajui lolote, kisha akaenda zake kupanga pakiti. Pakiti nazo! Ole wako usogeze pakiti moja ya mbegu kutoka rafu yake, siku hizi hilo nalo ni kosa, mahindi ya miezi minne hapa, ya miezi sita pale, maharagwe chini, na ukichanganya baba hukasirika mpaka mishipa inamtoka, yeye aliyekuwa hakasirikii kitu… uzee, mama anasema, mzee anageuka mtoto, mvumilie.

…ile ya miezi sita ama hii nyingine, mzee, anauliza Chepkurui, mama wa Rongai, mteja wao wa miaka, amesimama upande wa baba na kikapu mkononi, na baba amenyoosha mkono nyuma yake bila hata kugeuka, ameichukua pakiti, amepitisha kidole gumba juu yake, amempa, chukua hii, shamba lako liko chini huko, ile nyingine itakuchelewesha. Na mvua, anauliza Chepkurui, nipande lini mimi, wengine wameshapanda. Muulize Najwa, baba anasema, mwenye mashine ni yeye. Kwa hiyo Najwa anajibu huku vidole vikiendelea kuandika, subiri mathe, hii iliyonyesha juzi ni ya kudanganya watu, ngoja mpaka ukichimba kwa jembe udongo uwe umelowa huko ndani, na kitufe cha tano, ambacho ndicho chenye ile alama ya asilimia juu yake, kimekwama tena, kimejaa unga wa mbolea tangu mwaka juzi, inabidi ukibonyeze kwa nguvu, na Chepkurui anauliza kama wiki ijayo itanyesha, na Najwa anasema inshallah, mashine yenyewe inasema inshallah, wanacheka, na anabonyeza hifadhi. Imekwisha. Kile kijistari cha kuandikia kinapepesa tu kwenye kisanduku cha maandishi. Skrini ya ukutani huwa inachukua muda wake kubadilika, haina haraka ya mtu.

Haina haraka kama ami. Ami Yaseen yuko upande wa pili wa duka, upande wa dawa za mifugo, mdogo wake baba, miwani ameipandisha kwenye paji la uso, anafuta chupa moja moja kwa kitambaa na kuzirudisha mahali pake, polepole, na kati ya ndugu hawa wawili kuna kaunta moja tu na Najwa katikati, na Najwa ndiye daraja, ndiye simu, mwambie baba yako funguo za stoo ziko wapi, na baba, ambaye angeweza kumgusa ndugu yake begani akinyoosha mkono, anasema mwambie ami yako ziko msumarini. Mwaka mzima hivi. Wateja wameshazoea, wengine wanadhani ni mzaha wa duka. Najwa alipokuwa mdogo ami ndiye aliyemfundisha baiskeli kwenye kichochoro cha nyuma, akikimbia ameshika kiti, usitazame chini, tazama unakokwenda, na baba akisimama mlangoni anapiga makofi, na leo hawa… kwa ajili ya mwezi. Uzi mwembamba wa mwezi.

Ilikuwa jioni kama hii, mwaka jana, jioni ya ishirini na tisa, mawingu yametanda nchi nzima, kila aliyepiga simu kutoka pwani au kutoka kaskazini anasema huku hatujaona kitu, na hawa wawili wakapanda juu ya paa la duka kama walivyopanda kila mwaka tangu ujana wao, wakasimama bega kwa bega kando ya kikombe cha mvua, wakitazama magharibi, Najwa akiwa chini kwenye ngazi ameshika sahani ya tende. Mawingu yakapasuka kidogo juu ya Mau. Alimsikia ami, sauti yake ilikuwa ya furaha, ule pale kaka, umeandama, fuata kidole changu, ule pale juu ya mlima. Na ami tena, huuoni? Na baba akasema sioni kitu. Kisha mawingu yakafunga. Wakaenda msikitini, ami akatoa ushahidi wake, akaapa, na imamu akamgeukia baba kwa sababu kila mtu anajua huenda pamoja, wewe ulikuwa naye, unasemaje, na baba akasimama, mtu mzima, mtu anayeheshimiwa, akasema nilikuwa naye bega kwa bega, nimetazama palepale alipoonyesha, hapakuwa na mwezi, ndugu yangu huyu anataka sikukuu tu. Watu wakacheka. Basi, hapo ndipo palipouma, si kukataliwa, shahidi hukataliwa na maisha yakaendelea, ni kile kicheko, kwa mtu ambaye hata bei ya dawa hajui kuidanganya. Mji ukafunga siku ya thelathini. Ila ami hakufunga, maana ndivyo walivyofundishwa chuo cha Kurani wote wawili, aliyeuona mwezi kwa macho yake haifai afunge kesho yake hata dunia nzima ikifunga, lakini ale kwa siri asizue fitina, kwa hiyo ami alijifungia chumbani kwake siku ile, na Najwa alipopita kumsalimia alinusa chai ya tangawizi nyuma ya mlango uliofungwa, akaelewa, akarudi kwa ncha za vidole. Hiyo ndiyo ilikuwa Idd ya ami, kikombe cha chai na mlango umekomewa. Tangu hapo hajamwambia baba neno hata moja, si salamu, si kwaheri, mama akimsihi husema, shemeji, mtu aliyeniita shahidi wa uongo mbele ya msikiti mzima, nimwambie nini sasa, nikimwambia jua limechomoza si atasema naongopa.

Na mama naye amechoka. Mwaka huu, amesema, napika sinia moja, watu watakula pamoja ama sinia hilo nitawamwagia kuku. Na ami akajibu vizuri tu, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyomtisha Najwa, kwamba ataswali Idd, atakula kwa shemeji yake akiwa amekaa upande wa wanawake kama itabidi, kisha atafunga mizigo, amepata kibanda Mai Mahiu, pale malori yanapopumzika, atauza dawa za mifugo kwa wafugaji wa huko na atakuwa sawa. Atakuwa sawa. Na hapa patakuwaje? Ile rafu itabaki tupu, baba atauliza mwambie ami yako na hakutakuwa na ami wa kumwambia, na Najwa anaogopa, ndiyo, aseme tu ukweli, anaogopa kubaki peke yake na baba katika duka hili akikuza herufi mpaka siku ya kiyama. Na leo hapandi paa, ami, amesema, mwezi umeandama au haujaandama atausikia redioni kama watu wengine. Kwa hiyo baba atapanda peke yake. Najwa amelifikiria jambo hili mwaka mzima, akipika, akioga, akipima mvua, na kila mara linarudi palepale, baba hajawahi kusema uongo, hajui hata unaanzaje, kwa hiyo kama baba amesema hapakuwa na mwezi basi ami… astaghafirullah, lakini ndiyo, moyoni alishaamua kwamba ami alidanganya, au tuseme alitamani, mtu akitamani kitu huweza kukiona, si ubaya, ni hamu ya sikukuu, na kila akimpelekea ami futari amekuwa akimtazama kwa huruma kidogo, huruma ya mtu anayejua kosa lako akanyamaza.

…kwaheri basi, ramadhani njema, ama ndiyo inaisha leo, anasema Chepkurui kutoka mlangoni, na baba anamjibu tutajua jioni hii mama, salimia watoto. Viatu vinaondoka. Skrini ukutani inazimika kidogo, inakuwa nyeusi, inawaka tena, Najwa anaiona kwa pembe ya jicho tu kwa sababu anakipangusa kile kitufe cha tano kwa ncha ya mtandio, anaona weupe mkubwa umejaa ukutani, haya, tumemaliza, tusisumbuane tena. Baba ameweka mikono nyuma, amesimama mbele ya skrini, kidevu juu, kama anavyosimama kila jioni. Anaitikia kwa kichwa polepole. "Hapo sasa," anasema. "Alhamisi. Hivyo ndivyo nilivyotaka, naisoma vizuri kabisa." Na Najwa anatabasamu, kwa sababu kusifiwa na baba si jambo la kila siku, anainua macho aione kazi yake, na ukutani, kwa herufi nyeupe kila moja kubwa kama mkate, pameandikwa A, kisha d, kisha B. Hakuna kingine. Alama ya asilimia haikushika hata moja. A d B. Mashine haikuambiwa hizo herufi ni amri, kwa hiyo imeziandika zenyewe zilivyo, na amefungua mdomo kusema baba nimekosea, ngoja, na anaufunga tena, kwa sababu baba bado ametazama palepale, uso umetulia, ameridhika, anasoma Alhamisi.

Anasoma Alhamisi mahali ambapo hakuna Alhamisi… leo ni Alhamisi, hilo analijua, anaijua siku kichwani, anauona weupe, anaona kuna kitu kikubwa cheupe juu ya kitu cheusi, na mengine anajijazia, tangu lini anajijazia? Ile pikipiki aliiuza akasema magoti. Ule msahafu wake, ulikuwa haukosekani mapajani alfajiri, sasa anasoma kwa moyo tu macho ameyafumba, na Najwa alidhani ni ucha Mungu umemzidi. Hamwiti mteja kwa jina mpaka mteja aseme neno. Pakiti, kidole gumba, ole wako usogeze. Na hiki kituo chenyewe, ya Rabbi, hiki kituo chenyewe, baba aliyecheka mashine miaka yote, aliyepanda paa kila siku saa tatu asubuhi na kuinua kile kibomba cha kioo mbele ya jicho lake kuisoma mvua kwa vistari, ghafla siku moja anasema tununue mashine, tuwe watu wa kisasa, na wote wakashangilia, mzee ameamka, hakuna aliyeuliza kwa nini. Vistari. Alikuwa haoni vistari. Na kama mtu haoni vistari kwenye kioo alichokishika mkononi… Najwa anamwona, yuko juu ya paa jioni ile, anatazama anakoonyeshwa kidole, ndugu yake anamwambia huuoni, na yeye anatazama kwa nguvu zake zote na mbele yake ni ukungu tu, sioni kitu, alisema, na hakuona kitu. Hakudanganya. Na ami hakudanganya. Mwaka mzima Najwa amewapima kwenye mizani moja, mmoja akipanda mwingine ashuke, na wote wawili walikuwa wamesema walichokiona. Ila pale msikitini baba angeweza kusema sikuuona na akasema hapakuwa, neno moja tu la upande huu au ule, kwa sababu sikuuona ingefuatiwa na kwa nini, na kwa nini ingefuatiwa na macho, na mtu anayesimamia kazi yake mwenyewe na kutia sahihi yake mwenyewe hataki kushikwa mkono, kwa hiyo akamtoa ndugu yake badala ya macho yake. Ee baba. Anamkasirikia, kwa muda, kabisa, anataka kumtikisa mabega, kisha hasira haipati pa kukaa, maana mtu mwenyewe ni huyu, kwenye kanzu yake ya kazini, anaitazama A kama amepewa zawadi. Huenda ni mtoto wa jicho tu, siku hizi hutolewa, mama yake Nasimiyu wa jirani alitolewa, alirudi akilalamika nyumba ni chafu. Kumbe baba angesema tu, akatibiwa. Lakini nani amwambie, na amwambie vipi bila kumvunja, na kabla ya magharibi, kabla hajapanda ngazi ile peke yake…

Kitambaa kimeacha kufuta. Najwa anageuza macho, na ami ameiteremsha miwani kutoka kwenye paji, ameivaa, chupa mkononi, anasoma ukuta. Anasoma mara ya pili. Anamtazama kaka yake kutoka nyuma, ile shingo, yale mabega, ile mikono iliyoshikana mgongoni, kisha anamtazama Najwa, na Najwa hafichi kitu, hana nguvu ya kuficha, na anaona jambo lilelile likiingia kwa ami, likishuka, likifika, mdomo wake unalegea kidogo. Sasa anajua. Sasa ushahidi anao, ule alioukosa mwaka mzima, aseme tu, Alhamisi unaisoma wapi kaka, mbele ya mlango wazi na mtaa unapita, neno moja na jina lake litakuwa limesafishwa mpaka msikitini, na ana haki, Najwa mwenyewe angemtetea, ana haki yote. Jua bado lipo. Kijistari kinapepesa kwenye kisanduku. Baba hajasogea. "Au siyo, Najwa?" anauliza, "imekaa sawa?" na Najwa anamtazama ami, na jibu linachelewa, na kichwa cha baba kinaanza kuinama upande kama anayesikiliza, kidole kimoja mgongoni kinamchezacheza, anaogopa, baba anaogopa, na ami Yaseen anaiweka chupa chini taratibu isigonge, mtu huyu asiyejua kudanganya hata bei, mtu aliyekunywa chai peke yake nyuma ya mlango siku ya Idd kwa sababu hawezi kusema hakuona alichokiona, anaukohoa ule ukimya wa mwaka mzima, na hapiti kwa Najwa.

"Ndiyo, kaka," anasema. "Alhamisi. Imeandikwa wazi kabisa."